Stesheni ya mashambani kwenye rafu ya mita 2.4: jibu kwa dada wa Kasarani

Dada mmoja anayeishi Kasarani ameniuliza hivi: "Mwalimu, habari za kazi. Nina ukuta mmoja sebuleni, mita 2.4 tu, na mwenye nyumba hataki nitoboe. Nataka kujenga stesheni ndogo ya reli ya zamani, kama ile ya kwetu Elburgon: jengo la mabati, tenki la maji, mbao zikipakiwa. Michoro yote ninayoiona ni ya Uingereza au Marekani, na inataka chumba kizima. Nichukue reli ya ukubwa gani? Nitaitosheaje pale? Na je, naweza kuanza na Garratt kama zile za Makumbusho ya Reli?"

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu halina mzunguko. Hapana dada, Garratt, ile injini kubwa ya mvuke, iache makumbusho kwanza. Zile za daraja la 59, 34 kwa jumla, ziliundwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 ili zivute treni nzito kati ya Mombasa na Nairobi. Moja ina urefu wa karibu mita 32. Ukiipunguza mara 87, kipimo nitakachokushauri hapa chini, bado inakula sentimita 37 za ukuta wako, kabla hujaifunga hata behewa moja. Tena huko Elburgon haikuwa kwao. Mtu akiiona pale, mbele ya jengo dogo la mabati, atajua umeiweka kwa kuipenda tu. Kuipenda si kosa, lakini umeniuliza kuhusu stesheni.

Sasa ukubwa wa reli, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Reli yetu ya zamani, ile iliyofika ziwani mwaka 1901, ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. SGR, ile reli mpya iliyoanza mwaka 2017, ina 1,435. Seti nyingi utakazozikuta madukani, au mitumba kule Toi ukibahatika, zina reli ya milimita 16.5, na kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, hiyo ni 1,435 barabara. Ukiweka jengo la mabati la Elburgon kando ya reli hiyo, umejenga SGR iliyopotea njia. Jicho la mtu aliyekulia kando ya reli hugundua kasoro hiyo hata kama hawezi kusema ni nini: behewa linakaa chini mno, limetanua miguu. La kwetu lilikuwa jembamba miguuni, mwili ukining'inia pande zote mbili za reli.

Kuna njia tatu za kukwepa hilo. Ya kwanza ni kubaki na reli hiyo ya 16.5 lakini ukajenga kila kitu kwa 1:64. Hapo upana unakuwa sawa na milimita 1,056, na ndivyo baadhi ya wapenzi wa reli wa Afrika Kusini wanavyofanya kwa reli yao ya 1,067. Ni nzuri kwa mwenye gereji. Kwako behewa moja la mita 12 litakuwa karibu sentimita 19, na rafu itajaa kabla hujaweka mti. Ya pili ni reli ya milimita 9 kwa kipimo cha 1:110, ambayo inatoa 990. Hesabu yake ni safi, lakini watu, magari na miti ya kipimo hicho ni adimu, na ukivuka miaka 40 macho yataanza kukudai.

Ya tatu ndiyo ninayokushauri: reli ya milimita 12 na kila kitu kwa 1:87. Unapata sawa na 1,044, tofauti ambayo hakuna atakayeipima, na bado unaweza kutumia watu, malori na baiskeli za 1:87 ambazo zimejaa duniani. Kuna reli ya 12 inayotengenezwa mahususi kwa ajili ya treni za mita za Uswisi na Ujerumani, nzuri sana na ghali sana. Usiikimbilie. Kuna kipimo kingine cha 1:120, kinachoitwa TT, ambacho nacho hutumia milimita 12, na vitu vyake vinapatikana kwa bei nafuu zaidi tangu kampuni ya Hornby ianze kuviuza mwaka 2022. Taruma la reli ya TT, kile kipande kinacholala chini ya reli mbili, lina urefu wa karibu milimita 22. Taruma la reli ya mita lenye futi sita na nusu, ukilipunguza mara 87, linakuja karibu 23. Yaani reli ya TT inaweza kusimama badala ya yetu bila wewe kukata chochote. Sehemu kubwa ya mataruma yetu yalikuwa ya chuma, kwa hiyo yapake rangi ya kutu, si ya mbao.

Vilevile injini. Nunua injini ya dizeli ya TT, uvue mwili wake wa plastiki, ubaki na mota na magurudumu. Kisha ujenge juu yake mwili wa kadi ngumu kwa kipimo cha 1:87. Injini zetu ni vigumu kuzipata madukani, kwa hiyo mwili utaujenga tu, na wa dizeli ni kisanduku chenye madirisha. Wa mvuke una mabomba, fito na magurudumu yanayoonekana yakifanya kazi. Huo ni mradi wa mwaka mwingine. Kwa sababu hiyo weka stesheni yako katika miaka ya 1980, baada ya jumuiya kuvunjika mwaka 1977 na reli kugawanywa. Mwaka ukishaujua, mambo mengi yanajiamua: lori gani lisimame pale, bango gani ukutani, behewa lipakwe rangi gani. Ukikosa mwaka utajikuta na pikipiki ya bodaboda kando ya injini ya mwaka 1955.

Tuje kwenye nafasi. Wengi huanza na picha: wanachora jengo, wanachora tenki, halafu wanatafuta pa kupitisha treni. Ninakuomba uanze na kazi. Stesheni ya mashambani ina shughuli chache sana, na ukichagua moja tu ukaipa nafasi yake yote, rafu ya mita 2.4 inatosha. Kwako kazi imeshajitaja: mbao. Mabehewa matupu yanakuja, yanasukumwa hadi somili, yanatolewa yamejaa, yanapangwa, yanakwenda Nakuru. Abiria wawepo wakisubiri, lakini treni yao isiwe shida yako.

Stesheni nzima haiwezekani kwa vyovyote. Njia ya kupishania yenye mita 500 ingetaka mita 5.7 nyumbani kwako. Hapo huna budi kupunguza, na kipimo cha kupunguzia ni behewa. La magurudumu manane lenye mita 12 litakuwa karibu sentimita 14. Injini yako, tuseme 20. Shika namba hizo mbili, maana mchoro wote unatoka humo.

Kuna fumbo la kupanga mabehewa lililobuniwa na Mwingereza Alan Wright, nalo linaendana na kazi ya mbao kuliko michoro mingi mikubwa. Lina njia tatu tu. Moja inabeba mabehewa matano, mbili zinabeba matatu matatu, na upande wa pili kuna kipande cha reli kinachotosha injini na mabehewa matatu. Unakuwa na mabehewa manane. Unaandika kila moja kwenye kadi, unachanganya kadi, unavuta tano, na treni yako lazima itoke kwa mpangilio huohuo. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Hutachoka upesi.

Kwenye rafu yako inakaa hivi. Sentimita 65 za kushoto zimefichwa nyuma ya mstari wa misonobari: hapo inaingia injini ya 20 na mabehewa matatu ya 14, jumla 62. Hiyo ndiyo "Nakuru" yako. Kisha pointi mbili zinazofuatana, zile ndimi za chuma zinazogeuza treni kutoka njia moja kwenda nyingine, kila moja kama sentimita 16. Umefika 97. Zinazobaki, mita 1.4 na ushei, ni stesheni. Njia ya nyuma ndiyo kuu, yenye platifomu. Ya kati inaonekana kama ya kupishania. Ya mbele ni ya somili. Kwenye ukingo wa kulia weka daraja la barabara linalovuka juu ya reli, na zile njia mbili za nyuma zipite chini yake. Zitaishia sentimita kumi upande wa pili, hazikutani kamwe, lakini mtazamaji anaona stesheni ya kupishania na anaamini Kisumu iko mbele. Ya somili iishie kabla ya daraja, kwenye kizuizi cha mataruma mawili yaliyopandana.

Weka njia kwa umbali wa sentimita 5 kutoka katikati hadi katikati. Na tafadhali usizinyooshe sambamba na ukingo wa ubao. Ziinamishe kidogo, zianze kushoto zikiwa karibu nawe na ziishie kulia zikiwa nyuma kwa sentimita tatu au nne. Jambo dogo hili huondoa sura ya rafu ya duka kuliko mapambo yoyote.

Jengo likae nyuma, uso wake ukikutazama, ili uone benchi, mlango wa stesheni masta na dirisha la tiketi. Somili nzima usiijenge: banda lake libandikwe nusu tu kwenye ukuta wa nyuma, kulia, na mbele kando ya njia yake uweke marundo ya magogo na jukwaa fupi la kupakia, vyote vifupi visizuie macho. Tenki la maji limepitwa na wakati katika miaka ya 1980, lakini matenki hayakung'olewa. Lako liache lisimame likiwa na kutu. Mengi ni ya vigae vya chuma vya futi nne kwa nne vilivyofungwa kwa bolti, kila kigae kikiwa na mistari miwili inayokatana kama alama ya kuzidisha. Kwa kipimo chako kigae ni milimita 14. Kata vipande vya kadi, vikandamize mistari hiyo kwa kalamu iliyokwisha wino, uvibandike kwenye kisanduku. Usipokikandamiza kigae, unabaki na boksi la viatu lililopakwa rangi.

Mabati nayo yana siri yake. Wimbi la bati la kawaida ni milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, yaani chini kidogo ya milimita moja kwako. Bolti ya milimita 5 ina nyuzi zilizoachana kwa milimita 0.8. Nenda Kirinyaga Road ununue kipande cha bolti ndefu isiyo na kichwa. Kata karatasi ya alumini kutoka sahani za kubebea chakula, iweke juu ya kipande cha ngozi au mpira laini, kisha uviringishe bolti juu yake ukiikandamiza sawasawa. Utapata bati. Sasa likate vipande vya upana wa milimita 9, uvipandanishe ukianzia chini ya paa kwenda juu kama fundi anavyopaua, na vipande viwili vitatu uvipake kutu zaidi ya vingine, kwa sababu hakuna paa la stesheni lililowahi kubadilishwa mabati yote siku moja.

Ubao ni hesabu nyepesi. Plaiwudi moja ya futi nane kwa nne ina mita 2.44 kwa 1.22, na mwenye hadiwea akikukatia kwa urefu unapata vipande vitatu vya sentimita 40. Kimoja ni sakafu, kingine kinakatwa kuwa mbavu za pembeni, cha tatu ni ukuta wa nyuma. Chukua ya milimita 9, uikague kwa jicho kama haijapinda, na ukimbie MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa, inalegea katikati na inachukia maji ya gundi. Kata sakafu katikati upate mbao mbili za mita 1.2 zinazofungwa kwa bolti. Kiungo kitaangukia sentimita ya 120, mbali na pointi zako, mahali ambapo reli zote tatu zimenyooka. Ziweke juu ya kabati mbili za vitabu au miguu ya kukunja, na mwenye nyumba hatakuwa na la kusema. Ukihama, utazibeba moja moja.

Kwa ardhi, tumia ardhi. Ila usichukue udongo mwekundu wa Kiambu kwa sababu tu uko karibu. Wa kwenu unaijua rangi yake, na mtu wa nyumbani akija mjini akubebee mfuko mmoja. Ukaushe juani, uuchome kwenye sufuria kuukuu ili wadudu wafe, uupitishe kwenye chujio la chai. Halafu hatua ambayo wengi huiruka: funga sumaku kwenye karatasi na uipitishe juu ya udongo mara kadhaa. Udongo wetu wa volkeno una chembe za chuma, na sumaku itatoka na manyoya meusi. Chembe hizo zikiingia kwenye mota ya injini ndogo, zinaganda kwenye sumaku ya ndani na injini inaanza kukwaruza. Fanya vivyo hivyo na kokoto. Kokoto halisi ya sentimita tano ni kama milimita 0.6 kwako, hivyo kinachokufaa ni vumbi la machimbo lile wanalouza wenye hadiwea, lililochujwa mara mbili: ya kwanza kutoa makubwa, ya pili kutoa unga.

Ukishamwaga kokoto kati ya mataruma, ipange kwa brashi kavu kwanza, kwa subira, kwa sababu ikishalowa huigusi. Nyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo mpaka ilowe kabisa, kisha udondoshee gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Bila sabuni gundi inakaa juu kama lulu na inavuruga yote uliyopanga. Usidondoshe karibu na ndimi za pointi. Hapo weka kokoto chache kwa mkono.

Watu wawe wachache, na wengi wao wawe wameketi. Mtu aliyechongwa akikimbia atakimbia mahali pamoja mwaka mzima, na anachosha macho. Mama aliyeketi juu ya gunia anaonekana anasubiri treni, na kusubiri ndiyo shughuli halali ya stesheni. Pakiti za 1:87 huja na Wazungu waliovaa makoti ya baridi, jambo ambalo kwa Elburgon ya mwezi wa saba halina ubaya wowote. Badilisha rangi za ngozi na nguo, na leso itengeneze kwa tishu iliyochovywa kwenye gundi nyepesi, uifunge kiunoni kwa kibano kabla haijakauka.

Umeme usikutishe. Reli inakula volti 12 za mkondo mnyoofu. Ukinunua seti iliyotoka Marekani, angalia kibadilisha umeme chake: kimetengenezewa volti 120, na soketi yako ina 240. Kitaungua, na si lazima kiungue peke yake. Tafuta cha volti 240 pale Luthuli Avenue, pamoja na kidhibiti mwendo na waya mbili za rangi tofauti. Kila kipande cha reli kichomewe waya wake kwa risasi ya kuchomelea. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme, maana baada ya miezi michache vinashika oksidi na injini inasimama katikati ya platifomu. Mfumo wa kidijitali wa kuendesha injini nyingi hauna kazi kwako, una injini moja. Na stima ikipotea, betri ya sola ya volti 12 itaendesha treni vizuri kupitia kidhibiti kilekile kama ni cha mkondo mnyoofu, ila lazima uweke fyuzi ndogo karibu na betri. Betri haijui kusita: chuma kikiangukia reli mbili, itayeyusha waya.

Kuachanisha mabehewa, wengine hununua sumaku za kufukia chini ya reli. Nunua kulabu zinazojifunga zenyewe zikigusana, na utumie kijiti cha mshikaki: kichomeke kati ya kulabu mbili kutokea juu, ukizungushe robo, zinaachana. Ndiyo sababu nyingine ya kuweka njia ya somili mbele, mkono wako hautavuka juu ya tenki.

Jina la stesheni libuni mwenyewe. Ukiandika Elburgon, kila aliyepita pale atakusahihisha idadi ya madirisha. Jina jipya linakupa ruhusa ya kuchanganya mabati ya Elburgon, ngano ya Njoro na pareto ya Molo, stesheni tatu za njia ileile. Ubao uwe mweupe, herufi nyeusi, na chini yake kimo kutoka usawa wa bahari kwa futi, kama mbao za majina za njia hiyo zilivyoandikwa.

Kabla ya yote hayo, nenda Makumbusho ya Reli, pale karibu na stesheni kuu ya Nairobi, na tepu ya fundi cherehani. Yamekuwepo tangu 1971, na mabehewa ya nje yanasubiri kupimwa. Pima urefu wa behewa, kimo cha sakafu kutoka kwenye reli, upana wa mlango, umbali kati ya taruma na taruma. Piga picha ya kutu, si ya injini tu. Ukirudi nyumbani, gawa kila kitu kwa 87.

Kisha ununue karatasi ya kaki ya kufungia vitabu, uitandaze sakafuni mita 2.4 kwa sentimita 40, uchore njia tatu kwa ukubwa wake halisi. Kata mabehewa manane na injini moja kwa kadi, andika namba juu yake, uvute kadi tano, na ucheze fumbo kwa vidole jioni moja. Behewa la tatu likigonga msonobari kila mara, ongeza sentimita kwenye maficho na uzitoe kwenye platifomu. Mchoro ukikubali kwa karatasi, nitumie picha yake kabla hujalipia pointi. Hizo ndizo ghali, na zikishachomewa waya hazirudishwi dukani.